Mashine Yangu, Sura ya Mdogo Wangu

Nilisimama mbele ya bunduki nikasema ukweli, wakanicheka.

Ilikuwa asubuhi, kando ya mto kwetu Runingu, bonde la Ruzizi, Kongo, wakati wa uasi uliofuata Uhuru. Waasi walikuwa wamemkalisha mdogo wangu chini, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya mgomba, mgongo wake umeegemea mashine ya kutwangia mihogo. Walikuja kumtafuta yeye tu. Hawakuchukua mbuzi wa mtu, hawakuingia nyumba nyingine. Mkubwa wao alikuwa kijana kama sisi, amejifunga ngozi ya mnyama kichwani, na alikuwa anauliza jambo moja tu.

"Ni weye njo ule wa sinema? Ule wa mashine? Macho ya serikali huku mu bonde?"

Nikapita katikati yao mpaka nikamfikia.

"Mukubwa, unisikilize," nikasema. "Haiko yeye. Hii mashine ni minye niliitengeneza. Huyu hajui hata mahali maji inaingilia. Na serikali hatuijui, yeye hapana, minye hapana. Yale yalikuwa maneno ya mwalimu."

Akaniangalia, akaangalia jicho langu lililokufa, akageukia wenzake.

"Munasikia huyu? Tuliona na macho yetu, pale Kamanyola. Ule wa sinema alikuwa na shati nyeupe, sura muzuri. Weye hatukukuona."

Hapo mdogo wangu akainua kichwa.

"Mulimuona," akasema. "Ule wa nyuma, anavuta kamba, mugongo tu. Njo huyu. Ni kibarua yangu. Iko na jicho moja na akili nusu. Mumuache, anapendaka kujisifu."

Wakacheka. Mmoja akakumbuka kweli, akasema ndiyo, kulikuwa mgongo mmoja unavuta kamba. Akanisukuma kwa kitako cha bunduki. "Kibarua, enda kwenu. Mashine yako tutakurudishia."

Maisha yake yote mdogo wangu hakunitukana. Hata tukigombana aliniita yaya, kama inavyotakiwa kumwita mkubwa wako. Siku ile alinitukana mbele ya watu ili niondoke. Mama akanivuta shati kwa mikono miwili, na kabla hatujafika kwenye migomba nikasikia risasi. Baadaye waliichoma mashine. Haikuungua vizuri, mti ulikuwa umelowa maji.

Ninaandika haya kwa sababu mpaka leo watu wa bonde wanasema mdogo wangu alikuwa mpelelezi wa serikali. Wanayasema mbele ya binti yake. Hakuwa. Nitaeleza neno hilo lilitoka kinywani mwa nani.

Minye nilisoma mwaka wa tatu primeri tu. Baba alikuwa mchonga mitumbwi. Alikuwa anakata miti kule juu milimani, anaichonga nusu palepale ili iwe nyepesi, ndipo wanaume wanaiburuta mpaka ziwani. Nilikuwa ninashika mti, yeye anashika tezo. Kibanzi kimoja kiliruka kikaingia jichoni mwangu, na mganga alipomaliza dawa zake jicho lilikuwa limekwenda. Kwa hiyo shule niliiacha, mdogo wangu akaendelea. Hakuna mtu aliyeona ubaya. Nyumba ilihitaji mmoja wa kushika tezo na mmoja wa kusoma barua.

Baba alipokufa aliacha mti mmoja ulioharibika. Ulikuwa umepasuka upande mmoja, mtumbwi usingeweza kutoka. Nao ndio nilioutumia. Mama alikuwa anaumwa bega. Mihogo inatolewa kwenye maji, inakauka juani, halafu lazima itwangwe, na mama akiinua mtwangio alikuwa anauma meno. Mwanamume kwetu hashiki mtwangio. Angeshika, watu wangeuliza mke wake amekufa au amemtoroka. Mimi mke sikuwa naye, na kumwangalia mama hivyo sikuweza.

Nikachukua gogo lile la baba, nikalilaza juu ya mti mwingine kama ubao wa watoto wa kubembea. Mwisho mmoja, ule usiopasuka, nilichonga shimo kama nusu ya mtumbwi. Mwisho wa pili nilifunga mtwangio, na chini yake nikaweka kinu. Halafu nikachimba mfereji mdogo kutoka mtoni, maji yamwagike ndani ya ule mtumbwi. Ukijaa, unashuka kwa uzito, mtwangio unapanda. Ukishashuka, maji yanamwagika yote, unakuwa mwepesi, na mtwangio unaanguka kwenye kinu: tu! Maji yanaanza kujaa tena. Ni hayo tu. Si jambo la kwenda Ulaya.

Wanaume walinicheka wiki za kwanza. Wakipita wanaita, "Mama jicho moja, unga iko tayari?" Wanawake hawakucheka sana. Walileta mihogo yao na sombe zao, majani ya muhogo, wakapanga zamu, wakaenda shambani, wakirudi wanakuta unga. Mmoja wa mama wadogo wangu alisema hii mashine ni mume mzuri kuliko wote wa Runingu, inafanya kazi na haiulizi chakula. Mdogo wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Uhuru ulikuja. Kwetu ulikuja na bendera na mwaka mzima wa watu kuuliza nani sasa atakuwa mkubwa wa nani. Msimu wa kiangazi uliofuata, mwalimu wa shule yetu akamleta Mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu, na gari la kubeba vyombo. Alikuwa anatengeneza sinema ya serikali mpya, kuonyesha vijana wa Kongo wanafanya nini kwa akili zao. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba Runingu kuna kijana amevumbua mashine ya maji.

Huyo mwalimu ni wa kwetu. Alimfundisha mdogo wangu mpaka akashinda mtihani. Jina lake halina haja ya kuandikwa. Yeye anajijua, na watu wa Uvira wakisoma mpaka hapa watakuwa wameshamjua.

Nilikuwa mtoni, miguu kwenye tope, ninasafisha mfereji. Mwalimu na Mzungu walisimama juu ya ukingo. Mdogo wangu alikuwa pale, ametoka shuleni, shati jeupe, viatu. Mzungu akauliza kitu kwa Kifaransa. Mwalimu akajibu, akaweka mkono begani kwa mdogo wangu. Mzungu akafurahi, akampa mkono.

Mdogo wangu akaanza kusema Kifaransa haraka, ananinyooshea kidole. Mwalimu akamkatiza. Halafu akanigeukia mimi, kwa Kiswahili.

"Muzungu anasema jicho yako itaharibu picha. Weye utakaa nyuma, utasaidia. Mudogo wako atasimama mbele. Ni kwa heshima ya kwenu wote, si ni nyumba moja?"

Jioni mdogo wangu alikuja kukaa karibu yangu na kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Aliweka kibuyu chini na hakunywa.

"Yaya, Muzungu hakusema kitu juu ya jicho," akasema. "Aliuliza tu nani alitengeneza. Mwalimu akasema ni minye, mwanafunzi wake. Minye nikasema hapana, ni yaya. Mwalimu akaniambia nikimuaibisha mbele ya Muzungu, karatasi ya kwenda sekondari Bukavu haitasainiwa."

"Basi usimame mbele," nikamwambia. "Sinema ni kivuli tu. Mihogo haitajua ni nani yuko mbele."

Mama aliyekuwa anasonga bugali alisikia. Hakupenda. "Mudogo kukaa mahali pa mukubwa ni kutafuta mambo," akasema. Lakini naye alikuwa anataka mtoto afike Bukavu.

Basi wakapiga sinema. Maji yalikuwa machache kwa sababu ya kiangazi, mashine ilikuwa inachelewa kujaa, na Mzungu hakuwa na uvumilivu. Alipandisha mikono, mwalimu akatafsiri: iende haraka. Wakanifunga kamba kwenye ule mwisho wa mtumbwi, nikasimama nyuma kwenye majani, nikawa ninavuta mimi mwenyewe ili ushuke. Mashine ya maji ikawa mashine ya mtu. Mzungu anapiga kelele, mwalimu anapiga kelele, "Tena! Tena!", nami ninavuta. Ndio maana katika ile filimu nina mgongo tu.

Mdogo wangu hakuwa amewahi kushika tezo. Walimpa, wakamwambia achonge. Achonge nini, na mti ulikuwa umeshachongwa? Akapiga pale pale ukingoni mwa mtumbwi, kipande kikatoka. Akaniangalia kwa hofu kama amevunja chungu cha mama. Mzungu akapiga makofi, akasema vizuri, tena. Walipoondoka nililazimika kuziba pengo lile kwa udongo, na halikuziba vizuri tena.

Siku ya mwisho alikuja mkubwa wa teritwari, yaani wa wilaya yetu, kutoka Uvira. Mweusi mwenzetu, wa kwanza kukaa kwenye kiti cha Mbelgiji. Alikuwa amesikia kuna kamera. Alishuka na kofia na suti, akasimama kati ya mdogo wangu na mashine, akamwekea mkono begani, akamsemesha sikioni ili ionekane wanashauriana. Nilimuuliza mdogo wangu baadaye alimwambia nini. "Aliniuliza hapa wanauza wapi samaki," akasema. Hayo ndiyo mashauri yote ambayo mdogo wangu aliwahi kufanya na serikali. Hawakuonana tena.

Sinema ilirudi baada ya mvua. Walitundika kitambaa cheupe kwenye ukuta wa shule, mara tu giza lilipoingia, watoto mbele, wazee kwenye viti. Filimu haikuwa na sauti. Ilikuwa lazima mtu asimame na kipaza sauti aeleze watu wanachoona, na huyo mtu alikuwa mwalimu. Walikuwa wamempa kazi hiyo kwa bonde lote. Alikuwa anajua kuchekesha, hilo simnyimi. Kuku akipita kwenye picha, anasema, "Huyo naye anatafuta kiti mu serikali." Watu wanakufa kwa kicheko.

Picha yetu ikafika. Mdogo wangu, mkubwa kama nyumba, anachonga. Watu wakapiga kelele za furaha. Mama akanigusa goti, akaonyesha pembeni ya kitambaa, mahali palipo na majani.

"Ule anayevuta kamba," akasema polepole, "ule ni kifungua mimba yangu. Namujua na mugongo."

Halafu akatokea mkubwa wa teritwari na kofia yake, anasema sikioni mwa mdogo wangu. Hapo watu walinyamaza kidogo, maana kofia ile haikupendwa. Kodi, barabara, na watu aliowaweka ndani. Mwalimu alisikia kimya kile, na mchekeshaji hapendi kimya. Akaleta kipaza sauti karibu na mdomo.

"Munaona? Mukubwa anauliza: nani huku anasema vibaya juu ya serikali? Na kijana anajibu: minye nitakuambia yote, mukubwa, minye ni macho yako mu bonde! Mujiangalie, weye unayelala na bangi yako, huyu anakuona!"

Watu wakacheka sana. Nami nilicheka. Mdogo wangu alicheka akaficha uso. Kwetu Runingu walijua ni mzaha, kwa sababu walimjua mtoto tangu akiwa na kamasi. Lakini gari la sinema liliendelea. Katogota, Kamanyola, huko kote watu hawakumjua. Waliona kijana wa shati jeupe na mkono wa mkubwa begani, wakasikia maneno yale, na mwalimu aliyarudia kila mahali kwa sababu yalikuwa yamechekesha mara ya kwanza.

Mdogo wangu alikwenda mara moja sokoni Katogota kununua mbegu za mpunga. Alirudi hana furaha. Alisema alipofika kwenye kundi la watu walikuwa wanaongea, wakaacha. Mmoja akamwambia, "Karibu, macho. Leo unaandika nani?" Alimwendea mwalimu akamwomba aache maneno yale. Mwalimu akamwambia, "Unajulikana bonde muzima na unalia? Wenzako wanatafuta kujulikana."

Bukavu hakwenda. Karatasi ilisainiwa, lakini vurugu zilianza, barabara ikafungwa. Alibaki, akaoa msichana wa hapo hapo, akaanza kufundisha watoto wadogo.

Uasi ulipofika kwetu, watu wengi wa bonde waliushangilia, na sitawadanganya, nasi pia. Tulikuwa tumechoka. Waasi walisema wanatafuta wale waliokula na serikali. Tukasema sisi hatukula. Mkubwa wa teritwari alikuwa ameshapanda mashua, amekwenda na familia yake na masanduku. Mzungu wa ndevu nyekundu hatukumuona tena tangu kile kiangazi.

Mwalimu alipita kwetu siku mbili tatu kabla waasi hawajaja kwetu. Alikuwa na baiskeli, mizigo nyuma, anakwenda kuvuka Ruzizi aingie Burundi. Alisimama kwenye ua, akaomba maji. Mke wa mdogo wangu, tumbo lake likiwa kubwa, alimpelekea kwenye kikombe. Mdogo wangu alimuuliza, "Mwalimu, ni vibaya kiasi gani?" Mwalimu akasema, "Ni kwa sisi wakubwa tu. Weye ukae na mama yako." Akanywa, akarudisha kikombe, akaenda.

Alikuwa ametoka Kamanyola. Huko, nilikuja kujua baadaye, waasi walikuwa wanauliza habari za macho ya serikali tangu siku ya kwanza, na mtu waliyemuuliza kwanza alikuwa yeye, aliyesema maneno yale. Walimwacha aende zake. Sikuwapo, sijui aliwajibu nini.

Tulimzika mdogo wangu palepale, karibu na migomba, haraka, kwa sababu watu waliogopa kuonekana wanamlilia. Mimi na mama na yule mke tulipanda milimani, tukakaa huko mpaka wanajeshi waliporudi. Wanajeshi nao walikuwa na mambo yao. Hayo ni mengine.

Mtoto aliyezaliwa milimani ni msichana. Nimemlea mimi. Ana sura ya baba yake, sura ile nzuri iliyowafurahisha watu wa sinema. Mwaka huu kijana mmoja wa Kamanyola aliwatuma wazee wake kuja kumuomba. Walikuja, wakala, wakapanga ng'ombe. Halafu wakarudi kwao, wakatuma neno moja: hawawezi kuchukua damu ya mpelelezi. Babu wa yule kijana aliiona sinema. Anakumbuka vizuri, alisema, hata maneno anayakumbuka.

Binti yangu, maana ni wangu, aliniuliza, "Baba mukubwa, ni kweli?" Nilimwambia si kweli. Akasema, "Basi juu ya nini hakuna muntu anayesema hivyo?"

Ndipo nikaenda Uvira. Mwalimu amezeeka vizuri. Ana nyumba ya matofali, ni mzee wa kanisa, vijana wanamwendea awasimulie habari za zamani. Alinikaribisha, akaniletea fanta. Nikamweleza habari ya posa.

"Ah, ndugu yangu," akasema, "ile ilikuwa maneno ya kuchekesha bantu tu. Filimu haikukuwa na sauti. Ulitaka niseme nini?"

"Ungesema muntu anatwanga mihogo."

"Na bantu wangelala." Akacheka kidogo, akaona sicheki, akaacha. "Kwani ni minye nilipiga risasi? Ule aliyepiga, muulize. Ule wa kofia, muulize. Muzungu mwenye kamera, muulize. Mbona unakuja kwangu, na wote walikuwa pale?"

Nikamuuliza, "Ulipokunywa maji kwetu, ulikuwa unajua wanamutafuta?"

Akaangalia mlango. Akasema jua limezama, lazima aende kwenye maombi.

Basi nawataja wote, kwa kazi zao, kwa kuwa majina yao ninawaachia wengine. Mwasi wa ngozi kichwani alikufa kule Fizi, hana deni na mtu sasa. Mkubwa wa teritwari alipata cheo kingine mbali, mkono wake uliowekwa begani haukumgharimu kitu. Mzungu ana ile filimu mahali fulani Ulaya. Ndani yake kuna mtu aliyeuawa, na chini yake pengine imeandikwa kwamba ndiye mvumbuzi. Alipiga picha bila kuuliza mara ya pili. Hao siwezi kuwafikia.

Mwalimu ninaweza. Yuko Uvira, anakaa kiti cha mbele kanisani kila Jumapili. Simtaki kwenye mahakama, siombi kitu cha mkono wake. Ninataka asimame mbele ya wale wazee wa Kamanyola, binti yangu akiwapo, aseme kwa mdomo wake: kijana yule hakutengeneza mashine, hakuongea na serikali, maneno yale niliyatunga mimi. Akimaliza kusema hayo, ajibu na lile swali alilolikimbia akaenda kwenye maombi. Alijua, au hakujua? Na waasi walipomuuliza macho ya serikali ni nani, aliwaambia nini hata wakamwachia baiskeli yake?

Niko Runingu. Njia anaijua. Nampa mpaka mavuno haya ya mpunga, na kama hatakuja, mimi na binti tutakwenda kusimama katikati ya kanisa lake, nimuulize huko.